Naomba ushauri: tununue nyumba mwanzoni mwa mwaka huu mpya au tusubiri?

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mwenzangu tumeweka akiba kwa miaka 6 ili tupate nyumba yetu ya kwanza, na tangu mwaka huu uanze kila dalali anatuhimiza tuharakishe kwa madai kwamba riba zinashuka na bei zitapanda. Hoja hiyo ina mantiki: riba ya mkopo wa miaka 20 ikishuka kutoka asilimia 10 hadi 8, rejesho la kila mwezi hupungua kwa takriban asilimia 13, hivyo watu wengi zaidi humudu kukopa na kuanza kugombea nyumba zilezile chache. Hata hivyo, dalali hulipwa nyumba inapouzwa, kwa hiyo siwezi kuyapokea matumaini yake bila kuyapima.

Ipo nyumba moja tuliyoipenda mno. Tulipoirudia baada ya mvua, niliona chini ya dirisha la chumba cha watoto rangi mpya imevimba, na nilipoigusa ikabanduka, ukuta ukiwa na unyevu. Mwenye nyumba anasema ni jambo dogo.

Naomba mwenye uzoefu anieleze: je, tuchukue mkopo wa riba isiyobadilika, au inayobadilika kwa kutarajia kwamba itazidi kushuka? Na ukuta ule, nimlete fundi aukague kabla hatujataja bei, au unyevu wa namna hiyo ni sababu tosha ya kuiacha nyumba? Tumebakiwa na wiki mbili za kutoa jibu.