Ndugu Menendez: ile tamthilia imewatetea au imewauza?

Bint Chumbageni (mwanzisha mada)

Wadau, habari za jioni. Najua wenzangu mlishaimaliza zamani, ila sisi wengine bando linakwenda kwa mahesabu, nimefika mwisho juzi tu. Nazungumzia Monsters, ile ya Lyle na Erik Menendez, iliyotoka Netflix Septemba 2024, vipande 9.

Kwa ambaye hajaiona: usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, Beverly Hills, California, Lyle wa miaka 21 na Erik wa miaka 18 waliingia sebuleni kwao na bunduki, wakawaua baba yao José na mama yao Kitty waliokuwa wamekaa wanaangalia televisheni. Kisha simu polisi, vilio, msiba. Miezi iliyofuata wakatumbua: saa za Rolex, Porsche, mgahawa. Machi 1990 wakakamatwa. Mahakamani wakasema baba alikuwa akiwanajisi tangu utotoni na waliogopa angewaua kabla siri haijatoka nje. Kesi ya kwanza ilirushwa kwenye televisheni. Kila mmoja alikuwa na jopo lake la raia wa kuamua, na majopo yote mawili yakashindwa kuafikiana. Ya pili ikaisha 1996 kwa kifungo cha maisha bila msamaha, yaani bila nafasi ya kuomba kuachiwa mapema.

Sasa kinachonikera. Tamthilia imeamua kuisimulia kwa vinywa vingi. Vijana wana zamu yao, wazazi wana yao, na yule mwandishi wa magazeti, Dominick Dunne, naye anapewa yake. Katika zamu ya Dunne ndimo unaingizwa uvumi kwamba hao ndugu wawili walikuwa na uhusiano wa kimapenzi wao kwa wao. Ni nadharia ya mezani, watu wanakula na kunong'ona, lakini sisi tunaonyeshwa bafuni kabisa. Gazeti likiandika "inasemekana", neno unaliona, unajua upime. Kwenye picha "inasemekana" haina sura. Unachobaki nacho kichwani ni watu wawili chini ya maji. Na hao watu wako hai, wako gerezani, hawawezi hata kuandika maoni hapa chini.

Erik mwenyewe alilalamika siku moja tu baada ya kutoka, kupitia akaunti ya mkewe, akisema wameigizwa kwa uongo wa kuchukiza. Ukoo nao, jamaa 24, wakatoa tamko lao la kuipinga. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Kijiweni

Bint, pole kwa kukerwa, lakini waliua. Tuanzie hapo. Tena hawakuua wakakimbia. Risasi ziliwaishia, wakatoka hadi kwenye gari, Lyle akajaza bunduki upya, akarudi kummalizia mama yake aliyekuwa anatambaa sakafuni. Hayo si ya mwandishi, waliyasema wenyewe kizimbani. Halafu leo tuwaonee huruma eti tamthilia imewachafua? Mtu aliyemwaga damu ya mzazi amebakiwa na usafi gani wa kuchafuliwa?

Sisi tulichapwa kwa waya wa pasi, tukafungiwa stoo, tukalala na njaa. Tumewazika wazazi wetu kwa heshima.

Wa Nakuru

Mzee, shikamoo na heshima yako, lakini waya wa pasi na hicho walichosema ni mambo mawili. Usiyatie kwenye gunia moja.

Bint naye namjibu. Hiyo sinema imewasaidia, tupende tusipende. Kabla ya Septemba 2024 nani hapa alikuwa anawajua? Mimi nilikuwa sijazaliwa hiyo kesi ikiisha. Ikatoka tamthilia Septemba, mwezi uliofuata mwendesha mashtaka wa Los Angeles, George Gascón, akapendekeza adhabu ipunguzwe. Mei 2025 jaji akaishusha ikawa miaka 50 hadi maisha, na kwa kuwa California humhesabu aliyekosa kabla ya miaka 26 kama kijana, wakapata haki ya kuomba msamaha hapo hapo. Mtayarishaji, Ryan Murphy, alishasema hicho ndicho kitu bora kilichowapata kwa miaka 30. Ana majivuno, sawa. Lakini amekosea wapi?

Bint Chumbageni

Wa Nakuru, amekosea kwenye kalenda. Maombi ya kufungua kesi upya yalikuwa yamekaa mahakamani tangu Mei 2023, mwaka na zaidi kabla ya hiyo tamthilia. Yalikuwa na vitu viwili. Kwanza barua ambayo Erik alimwandikia binamu yake miezi kadhaa kabla ya mauaji, akieleza anavyomwogopa baba usiku. Pili ushahidi wa Roy Rosselló, aliyekuwa kwenye kundi la muziki la Menudo, kwamba José alimbaka alipokuwa kijana mdogo. Rosselló aliyasema hayo 2023, kwenye filamu ya ukweli, kwa mdomo wake mwenyewe bila mtu kumwigiza. Kwa hiyo sufuria ilikuwa jikoni na moto umekolea. Murphy kaja na sahani.

Nakubali kelele ilisaidia. Lakini kelele hazidumu. Gascón alishindwa uchaguzi Novemba, aliyemrithi akapinga. Agosti 2025 bodi ya msamaha ikawakatalia wote wawili, mmoja leo mwenzake kesho, na moja ya sababu ilikuwa simu walizokuwa wakizitumia gerezani kinyume cha sheria. Septemba yale maombi ya 2023 nayo yakakataliwa. Sisi watazamaji tulikuwa tumehamia tamthilia nyingine.

Kijana wa Buguruni

Mimi nikiri tu. Niliangalia kwa sababu kila nikifungua simu nakutana na vipande vya yule anayeigiza Lyle, wamemwekea muziki. Dada yangu wa kidato cha pili amemuweka kama picha ya simu. Nikamwambia huyu unajua kafanya nini? Akaniambia "ndiyo, ila wigi lake zuri."

Bint Chumbageni

Kijana, wigi hilo lina mkasa wake. Lyle kweli alikuwa akivaa nywele za bandia. Utetezi ulisema siku chache kabla ya mauaji mama yake alilinyofoa kichwani wakigombana, na Erik ndipo akajua kwa mara ya kwanza kwamba kaka yake ana upara. Hapo ndipo, kwa maelezo yao, siri nyingine zikaanza kumwagika. Nyumba moja, ndugu wawili, mmoja hajui kaka yake hana nywele. Mwambie dada yako hilo.

Mama Zuhura

Wanangu, nimewasoma, sikutaka kuchangia. Nilifanya kazi za ustawi wa jamii miaka mingi, Morogoro na kwingineko, nimestaafu. Acheni niseme la kipande cha 5.

Kipande kizima ni picha moja isiyokatwa. Erik amekaa mezani gerezani anaongea na wakili wake, Leslie Abramson. Wakili huoni uso wake, unaona mgongo tu na nywele. Kamera inamsogelea kijana taratibu mno, huoni ikitembea, unashtukia tu uso umejaa kioo. Hakuna muziki. Hakuna kurudi nyuma kutuonyesha chumba wala kitanda. Anasimulia tu, mara ananyamaza, anasugua mikono, anarudi kwenye sentensi aliyoiacha. Nilikuwa naangalia na mume wangu. Katikati akainuka akasema anakwenda kufunga geti. Geti nilikuwa nimelifunga mimi, na aliniona. Alikaa huko nje mpaka kipande kikaisha. Sikumuuliza.

Mzee wa Kijiweni, hivyo ndivyo wavulana wanavyosimulia. Kwa vipande, wakiangalia pembeni. Niliwahi kupokea mtoto wa miaka 12, kaletwa na shangazi yake. Kabla hajafika kwangu alipitia ofisi moja, sitaitaja, aliyemhudumia akamuuliza mbele za watu, "Wewe si mwanaume? Ulishindwa kupiga kelele?" Mtoto alipofika mezani kwangu alichora duara kwenye daftari langu saa nzima. Siku ya tatu ndipo akasema neno.

Msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Mwendesha mashtaka wa kesi ile ya kwanza alisema mahakamani, Marekani, kwamba mwanaume hawezi kubakwa kwa kuwa hana maumbile ya kubakwa. Sisi hapa, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kubaka ni kosa analofanyiwa msichana au mwanamke. Mvulana utamkuta kifungu cha 154, kwenye makosa ya kinyume na maumbile. Adhabu ipo tena kali, maisha kwa anayemfanyia mtoto, lakini jina la kosa lenyewe linampa mtoto aibu mara ya pili. Kenya sheria yao ya 2006 inasema "mtoto", imekwisha. Na utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na wavulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mmoja kati ya 7. Hesabuni madawati darasani.

Kwa hiyo Bint, tamthilia unayoikasirikia ndiyo iliyofanya watu wa rika la mume wangu wakafunge geti lililofungwa. Nachukia lile la bafuni kama wewe. Lakini kipande hicho kimoja nakitetea.

Wakili wa Mtaani

Kisheria mambo ni mepesi kuliko mnavyodhani. Kesi iliyosikilizwa hadharani, kumbukumbu zake ni za umma; Marekani hakuna haja ya kumuomba mtu ruhusa kuigiza kilichosemwa kizimbani. Na marehemu hashtaki kwa kuchafuliwa jina. Ndiyo maana nashangaa watu wanawalilia vijana tu. Walio hai walau wana mke wa kuwaandikia tamko. Kitty katika tamthilia ni mlevi, mwenye uchungu, anayejua na kunyamaza. Nani atatoa tamko kwa ajili yake? Kaka yake alipinga hao wapwa zake kuachiwa, naye watu wakamtukana mtandaoni kama kichaa.

Wa Nakuru

Wakili, hapo umenishika. Kitty sikumfikiria kabisa.

Lakini Bint, nikuulize. Ungekuwa wewe ndiye mtengenezaji, ungefanyaje? Ukisimulia upande wa vijana tu, Mzee atasema umetetea wauaji. Ukisimulia upande wa mashtaka tu, Mama Zuhura atasema umewaziba midomo wavulana.

Bint Chumbageni

Ningechagua. Ndicho ninachodai, wala sidai wapendelewe. Mama Zuhura, nimekusoma mara mbili, na umenisaidia kuliona jambo langu vizuri zaidi. Kipande cha 5 kinakubalika kwa sababu hakionyeshi. Kinamwacha mtu aseme, wewe umpime: anadanganya au hadanganyi. Hata ukitoka unaamini ni mwongo, umemtendea haki, umemsikiliza. Bafuni pale hakuna anayesema. Kuna anayeonyesha, na kwa hiyo hakuna wa kumpima. Mtu yule yule aliyejua kutengeneza cha 5 akaenda kutengeneza na hilo la bafuni. Alijua tofauti. Ndiyo maana nasema imewauza, na iliwauza baada ya kuwatetea.

Na tukumbuke kesi ya pili jaji aliuzuia sehemu kubwa ya ushahidi wa unyanyasaji, kamera akazitoa nje, na jopo halikuruhusiwa kupima hoja kwamba waliua wakiamini kweli, hata kama kimakosa, kwamba wako hatarini. Sisemi wangeachiwa. Kuua waliua, Mzee. Ila mtu akishaminywa kusikilizwa mahakamani, halafu miaka 28 baadaye anasikilizwa na Netflix kwa dakika thelathini kisha anavuliwa nguo kwenye kipande kingine, sijui niite nini.

Kijana wa Buguruni

Nimemsomea dada yangu aliyoandika Mama Zuhura. Amebadilisha picha ya simu. Ameweka paka.

Mzee wa Kijiweni

Nimenyamaza nasoma. Msimamo wangu juu ya kurudi garini kujaza risasi haujabadilika, msinisumbue.

Ila nikiri jambo. Hicho kipande cha 5 sikukiona. Nilikifungua, nikaona mtu amekaa tu mezani, picha haitembei, nikadhani simu imekwama. Nikaruka kwenda cha 6. Mama Zuhura, kina dakika ngapi, nijue bando la kununua?

Mama Zuhura

Thelathini na ushei, mzee wangu. Usiangalie ukiwa kwenye daladala.