Feni ya chipuseti imekufa, duka linanilazimisha ninunue madabodi nzima!

Wakuu, nina hasira na leo sipunguzi maneno.

Deskitopu yangu ina madabodi (bodi kuu) yenye chipuseti ya X570 ya AMD. Siku za karibuni kila nikihamisha mafaili makubwa, flashi inajitoa yenyewe, kibodi inakata, na SSD ya pili inapotea kabisa mpaka nizime niwashe upya. Nikairudisha dukani nilikoinunua. Fundi akaangalia joto la prosesa, nyuzi 54, akasema mashine haina shida, ni Windows tu. Akapiga Windows upya, akachukua hela yake. Nafika nyumbani, tatizo liko palepale.

Jamani, joto la kompyuta si prosesa peke yake! SATA (njia ya diski), USB nyingi na nafasi ya pili ya SSD vinapitia kwenye chipuseti, ile chipu ya kwenye bodi inayounganisha vifaa na prosesa. Nimefungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na feni, mwenyewe, nikashuka mpaka sehemu ya madabodi: chipuseti nyuzi 97, feni yake 0 RPM, yaani haizunguki kabisa. Mtu anayeitwa fundi, tena analipwa, anashindwaje kushuka mistari michache?

Nikatoa kadi ya grafiki, nikafungua kifuniko cha chipuseti. Mapanga ya feni yameshonana kwa vumbi, ukiisukuma kwa kidole inazunguka nusu kisha inagoma. Chini ya kipozeo, pesti ya kupitisha joto imekauka inabanduka vipande kama chaki.

Na waliotengeneza bodi hii siwaachi. X570 ilipotoka 2019 ilijulikana kwamba inakula wati 11 hivi, karibu mara mbili ya X470 iliyoitangulia, kwa sababu ya PCIe 4.0 (Gen 4), njia ya kasi zaidi ya kadi na SSD. Haya, wakaweka feni. Lakini nani alikaa akaamua iwe chini kabisa ya kadi ya grafiki, ivute hewa ya moto inayotemwa na kadi hiyohiyo? Halafu 2021 zikaja bodi za X570S, hazina feni, zina kipozeo kikubwa tu. Kumbe iliwezekana! Sisi tulionunua mwanzo tumeachiwa kifeni kinachokufa.

Duka nalo waranti hawaitambui, eti stika imebanduliwa. Feni peke yake hawauzi. "Chukua tu bodi mpya, kaka." Bodi mpya, kwa ajili ya feni ya kukaa kiganjani! Huu ni wizi wa mchana.

Kwa sasa nimefunga feni ya milimita 80 kwa zipu tai, inapuliza pembeni ya kadi, na kwenye BIOS nimeshusha PCIe kutoka Gen 4 mpaka Gen 3. Joto limeshuka hadi 68 na SSD haipotei tena. Ila Gen 4 niliilipia, na sasa siitumii.

Mwenye kujua duka Kariakoo linalouza feni hizi nyembamba za chipuseti aweke bei hapa. Na aliyewahi kupeleka lalamiko la waranti Tume ya Ushindani aniambie alianzia dirisha gani na alibeba karatasi zipi, maana risiti ninayo na kesho asubuhi naenda.