Umeme umekata, tuunge nyimbo

Kikundi: MAJIRANI KWA REMMY 🏠 (Jumatano usiku)

Dada Zai (admini): jamani umeme umekata na joto lote hili, nani yuko macho tucheze ule mchezo wa majina ya nyimbo? mmoja anataja jina anayefuata anataja lingine linaloshikana nalo kwa MAANA sio kwa herufi, ukishindwa kueleza limeshikanaje umetoka. ngoma za kwetu tu. naanza mimi... Shida

Frenki: Dar Kugumu. Marioo

Mama Nasra: hapo Frenki umeunga vizuri 👏 basi Mbagala, ya Diamond, maana ugumu wa Dar usipoujulia huko utaujulia wapi

Rama Boda: Mtaa wa Saba

Frenki: ya nani hiyo kaka

Babu Chande: Ya Mbaraka Mwinshehe, enzi za Morogoro Jazz. Na hiyo Shida aliyoanza nayo Zai ni ya Mbaraka huyohuyo, ila wakati huo ameshakuwa na bendi yake, Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979 kule Mombasa, bado kijana. Habari zenu.

Frenki: shikamoo babu

Dada Zai: shikamoo babu, karibu mchezoni

Babu Chande: Marahaba wajukuu. Nipo nje kibarazani na upepo wangu, endeleeni.

Mama Nasra: saba halafu nane, Namba Nane ya Daz Baba

Dada Zai: mama Nasra hiyo ni hesabu sio maana 😂 ila imepita kwa sababu mtaa una namba

Rama Boda: namba nane ni umbo la mwanamke, kwahiyo Salome

Dada Zai: SALOME IPI

Rama Boda: si ya Diamond na Rayvanny ile ya 2016

Mama Nasra: mi nilijua unasema ya Dully Sykes, tuliicheza hadi kanda ikakatika

Shangazi Tunu: Nyote mnazunguka wakati mwenyewe yupo, Maria Salome ni ya Saida Karoli na aliimba kwa Kihaya, dunia nzima hapa mjini haikijui Kihaya lakini tulikuwa tunaitikia mwanzo mwisho harusini, hao kina Diamond wameitoa humo na wala hawakuficha

Frenki: aisee shangazi kumbe, mi najua chorus yote na sikuwahi kujua ni Kihaya, nilidhani maneno tu ya kunogesha

Shangazi Tunu: Ndio mwanangu. Sasa Zai naomba tuongeze sheria, jina moja zama mbili iwe halali lakini lazima useme la nani. Naweka Zuwena

Frenki: Diamond!

Shangazi Tunu: Marijani Rajabu, bendi ya Dar International. Hiyo ya Diamond ni Zuwena mwingine, kisa chake kingine. Marijani tulikuwa tunamwita Jabali la Muziki na alistahili, sauti ile haikuwa inapiga kelele, inakuja taratibu kama mtu anayekueleza jambo lake mlangoni, nilikuwa naacha hata sufuria inaungua nisikilize mpaka mwisho. Kabla ya hapo akiwa Safari Trippers kuna Georgina. Alifariki 1995. Kila nikisikia vijana wanasema Zuwena nafurahi jina limerudi ila nataka wajue lilipita wapi kwanza

Frenki: natafuta sasahivi, bando ipo

Dada Zai: tusilale jamani, kutoka Zuwena twende wapi

Rama Boda: Latifa ya MB Dog

Mama Nasra: Anita, Matonya na Jaydee

Babu Chande: Neema. Ya bendi ya Mlimani Park.

Dada Zai: mkiingia kwenye majina ya wanawake hatutoki leo, badilisheni

Rama Boda: neema ni chakula mezani, Ugali ya Juma Nature

Mama Nasra: Kuku Kapanda Baiskeli 😂😂 mboga imekimbia

Babu Chande: Jogoo la Shamba. Mbaraka tena.

Frenki: Sukari, Zuchu. huyo jogoo kaja mjini kaonja utamu

Rama Boda: utamu ni Starehe, ya Ferooz na Professor Jay

Mama Nasra: Mambo kwa Soksi

Frenki: mama Nasra umetoka, soksi na starehe wapi na wapi

Babu Chande: Hajatoka. Ameunga kuliko sote usiku huu. Soksi hapo si za miguuni mjukuu wangu, ni kondomu. Remmy aliimba hivyo mwanzoni mwa miaka ya 90 watu wanakufa na ukimwi na hakuna anayetaka kuutaja, na redio ikakataa kuupiga wimbo huo. Watu wakaujua kwenye kumbi na kanda. Ferooz alikuja na Starehe 2004, jambo lilelile, safari hii anasimulia mgonjwa mwenyewe.

Shangazi Tunu: Miaka ile tulikuwa tunatoka msiba huu tunaingia ule, na ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini unajibiwa malaria. Aliyesimama jukwaani akasema wazi ni Remmy na watu wengine walimchukia. Mimi nilimpenda kwa hilo kabla hata ya gitaa

Frenki: ngoja kwanza. Remmy huyu ndio wa kituo chetu?

Rama Boda: dogo unashukia Sinza Kwa Remmy kila siku na hujui 😳

Babu Chande: Msimcheke, hakuna aliyemwambia. Ndiye huyo, Remmy Ongala, alikuwa anaishi hapa. Mzaliwa wa Kongo, alikuja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Konda anapoita "Kwa Remmy washuke" anamtaja yeye.

Frenki: nimeishi hapa miaka 6. kesho nikishuka ntakuwa nasikia kitu kingine kabisa

Frenki: nimepata nyimbo zake hapa, kuna moja inaitwa Usingizi, naiweka hiyo na msiniambie haijaunga, wote tumetulia

Dada Zai: imepita ❤️

Shangazi Tunu: Nalala kwa Taabu, Sikinde, yaani haohao Mlimani Park

Rama Boda: Hakuna Kulala, Nature

Mama Nasra: UMEME UMERUDIIII

Dada Zai: alhamdulillah, feni imeanza. babu funga mchezo

Babu Chande: Nitarejea. Ya Diamond hiyo, naijua. Usiku mwema wajukuu.