Tupeane uzoefu: kutunza santuri, maneno na sauti ya Siti binti Saad

Ndugu zangu, asalaam alaykum. Mada hii ni ya kila anayeshughulika na kumbukumbu za Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, hapa Unguja: mwenye santuri ya urithi kabatini, anayeandika maneno ya nyimbo, anayehoji wazee, anayefundisha vijana kuimba. Historia yake tunaijua. Kazaliwa Fumba karibu mwaka 1880, jina lake la mwanzo Mtumwa, akauza vyungu, akahamia mjini 1911, akafunzwa na Ali Muhsin, na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Kafariki Julai 1950. Hayo tusiyarudie. Leteni namna kazi inavyofanywa na pale inapoharibika.

Mtunza santuri

Nianze na linaloua santuri nyingi zaidi: spiriti. Santuri za miaka ile si plastiki, ni shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na spiriti inayeyusha shelaki. Mtu anapangusa, kitambaa kinatoka cheusi, anafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe anaifuta mifereji yenyewe, na sauti imo humo.

Chukua lita 1 ya maji yaliyokenekwa, tia matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwanza, santuri ikiwa kavu, toa ukungu kwa brashi laini, nje ya nyumba, maana ukungu wa masika ukiulowesha unaganda ndani ya mifereji. Kisha lowesha brashi na ufuate mzunguko wa mifereji, usiikate katikati. Karatasi ya katikati yenye jina la wimbo isiguswe na maji hata tone. Rangi yake inachuja na gundi inaachia. Suuza kwa maji mengine yaliyokenekwa, yasiyo na sabuni, kausha kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, isimamishe kivulini saa kadhaa. Usiianike juani. Shelaki inalainika kwa joto, na santuri iliyopinda kama ungo hainyooki tena bila hatari ya kupasuka.

Kuhifadhi ni kwa kusimamisha, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi. Ukizilaza zikapandana, za chini zinapasuka kwa uzito wa za juu.

Sasa kuipiga. Gramafoni ya kutia ufunguo ni pambo zuri la barazani, lakini kichwa chake kinailemea santuri kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma imetengenezwa ilike kwa upande mmoja tu kisha itupwe. Wenye kuipiga sindano moja nyimbo tano wanachonga santuri. Ikiwa ni nakala adimu, usiipige huko kabisa. Tumia mashine ya umeme yenye mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, uzito wa gramu 3 hadi 5, na sindano ya mikroni 76 hivi. Ile ya santuri za plastiki, za mwendo wa 33, ina mikroni 18 tu. Inazama mpaka chini ya mfereji, inakwaruza vumbi, na utasikia mvua inanyesha badala ya Siti.

Rekodi kwenye kompyuta kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 96. Faili hilo la kwanza usilisafishe kwa programu yoyote. Nakala ya pili ndiyo ya kuchezea. Ukipunguza mchakacho kupita kiasi, fidla inakuwa kama inatoka chini ya maji, na herufi s na sh zinapotea kwa sababu masafa yao ni yale yale ya mchakacho. Ukishapoteza s, mwenzetu wa mashairi hapo chini hataweza kujua kama ni "si" au "ni".

Piga picha karatasi ya katikati pande zote mbili, pamoja na namba iliyochorwa kwenye sehemu laini inayoizunguka. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama santuri mbili zenye jina moja ni rekodi moja au mbili tofauti.

Mwandika mashairi

Umesema kweli. Kati ya "si" na "ni" hesabu haiamui, maana zote ni silabi moja, lakini kwa silabi iliyomezwa dawa tunayo, ni mizani, yaani hesabu ya silabi. Nyimbo nyingi za taarab asilia zinakwenda kwa mishororo ya mizani 16, nane kwa nane, na vina katikati na mwisho. Ukishaandika ulichosikia, hesabu. Mfano wa kujitungia tu: "Nalikwenda baharini, samaki sikupata." Upande wa kwanza ni nane, wa pili ni saba. Basi kuna kitu hakikusikika. Rudi kwenye santuri usikilize tena: ni "sikumpata". Ile m inabeba mizani yake peke yake, na masikio ya leo yanaimeza.

Lakini hesabu baada ya kuondoa viungo vya kuimbia: "ee", "yaleli", neno lililorudiwa ili kujaza pigo. Wapo wanaoviandika kama sehemu ya shairi, mshororo unafika mizani 21, kisha wanasema mtunzi alikosea. Hakukosea.

La pili, msisanifishe. Akiimba "n'nakwambia", andika hivyo. Ukiandika "ninakuambia" umeongeza mizani na umeifuta Unguja ndani ya shairi.

La tatu, upande mmoja wa santuri hauzidi dakika tatu na kitu, wakati kwenye hafla wimbo ulikuwa unatandazwa mpaka wasikilizaji waridhike. Kwa hiyo beti mlizonazo kwenye santuri huenda ni sehemu tu. Geuza upande wa pili kabla hujasema wimbo umekwisha, na mzee akikutajia ubeti usiokuwemo, usimkatalie. Uandike pembeni, na uweke alama kwamba haukutoka kwenye santuri.

Mkusanya masimulizi

Hapo kwenye wazee niongeze, maana ndipo panapochanganyika mambo. Aliyekuwa na miaka 10 Siti alipofariki kazaliwa 1940. Kwa hiyo mengi tunayoletewa leo ni ya kusimuliwa na mama au bibi. Hayana ubaya, ila kwenye daftari weka safu mbili: "kaona" na "kaambiwa", na aliyemwambia ni nani wake.

Usianze kwa kuuliza "Unamkumbuka Siti?" Utapewa jibu lile lile la vyungu na Bombay. Piga rekodi kwanza, mara mbili, bila kusema neno. Mikono ya mzee itaanza kupiga pigo kwenye goti. Hapo uliza vitu: gramafoni ilikuwa ya nani, iliwekwa wapi, nani alitia ufunguo, wanawake walikaa upande gani. Kisha soma maneno pole pole na uulize kila fumbo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unamhusu mwanamke mgeni aliyeuawa, na bila mtu wa kueleza nani alifungwa na nani alikimbilia bara, maneno yake yanabaki kama majina matupu.

Kuweni macho pia na Bi Kidude. Aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi hadi kufariki kwake Aprili 2013, na watu wanakuletea kaseti wakiapa ni Siti. Rekodi za Siti zina kundi dogo, zina mchakacho wa shelaki hata zikihamishiwa kwenye kaseti, na zinakatika ghafla karibu na dakika ya tatu.

Mwalimu wa sauti

Mimi nina moja tu kwa wanaofundisha vijana. Kabla ya kumwiga Siti, hakikisheni mwendo wa rekodi. Kasi ikizidi kwa asilimia 6, sauti inapanda nusu toni nzima, na binti atakaza koo kuifukuza sauti ambayo Siti hakuiimba. Msipime kwa kinanda, kwa sababu fidla na udi hutiwa sauti kwa sikio. Linganisheni santuri kadhaa, na msikilize silabi ndefu: ikiwa mtikisiko wa sauti unasikika kama wa mtoto, punguzeni kidogo kidogo.

Na kinanda kisitumike kufundishia rasti, mojawapo ya makamu za muziki wa Kiarabu. Sauti ya tatu ya rasti iko katikati ya vibonye viwili, haipo kwenye kinanda cha kawaida. Anayefundishwa hivyo ataimba kila kitu sawasawa kisha ashangae kwa nini hakifanani. Tumieni udi, ambao hauna vizuizi shingoni, au ganuni, ala ya nyuzi nyingi, iliyotiwa sauti siku hiyo hiyo. Ngozi iliyo chini ya daraja la ganuni inalegea kwa unyevu wa usiku, na iliyokuwa sawa magharibi imeshuka ifikapo saa nne.

Mtunza santuri

Nimesahau la santuri iliyopasuka. Msitie gundi mfereji. Ibaneni ukingoni kwa utepe wa karatasi, ipigeni mara moja tu kwa kuirekodi, na mlio wa ufa uondoeni baadaye kwenye nakala ya pili.