Tupeane uzoefu: barabara ya Kusini enzi za pantoni na tope la Ndundu–Somanga

Wakuu, leo mtu anapanda basi Mbagala, Dar, alfajiri, mchana yuko Lindi. Haikuwa hivyo. Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja juu ya Mto Rufiji, lilifunguliwa 2003. Kabla yake ni pantoni, na Rufiji ukifurika safari inasimama. Hata daraja lilipokuja, kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ziliendelea kututesa zaidi ya miaka kumi bila lami. Historia hii tunayo sisi abiria, madereva na utingo. Tuiandike kabla haijapotea.

Utingo Mstaafu
Nilikuwa kwenye lori la korosho. Masika, gari moja likizama katikati ya njia, yote yaliyo nyuma yanalala hapo. Tulitembea na majembe, minyororo na magogo. Tunachimba, tunakata matawi na kuyatandika chini ya matairi, na abiria wa mabasi wanashuka kusukuma bila kuombwa. Wanakijiji walileta mihogo na uji. Watoto wadogo walipewa bure. Dereva wangu akikuta maji anashuka mwenyewe na fimbo, anapima kina, ndipo anatia gia. Madereva wale nawaheshimu hadi kesho.

Mwana Mtwara
Sisi masika tulipanda meli. Bahari ilichafuka, watu wakatapika, lakini tulifika.

Binti Kivinje
Nyie mnasema safari, mimi naongelea samaki. Bibi yangu wa Kilwa Kivinje alikuwa akiwafanya ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, kwa sababu wabichi wasingefika Dar. Sasa wanatiwa barafu, gari linatoka Kivinje, linakamata lami Nangurukuru, na wanauzwa soko la Feri, Dar, wakiwa bado wabichi. Barabara ile imesomesha watoto wengi wa wavuvi, naiona kwa macho yangu.

Mpita Njia
Tusidhani imekwisha. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mafuriko yalikata barabara upande wa Somanga. Tuliokuwa na dharura tulizunguka Songea, Tunduru mpaka Masasi. Nchi nzima kuzunguka kwa sababu ya makaravati! Kusini inahitaji madaraja mapana pale, kwa sababu maji ya mabonde yale yatarudi.

Mleta mada
Asante Mpita Njia, hapo umegusa penyewe. Mwana Mtwara, tueleze zaidi habari za meli: mlikuwa mnapakia na mizigo? Na wa Mbwemkuru na Mchinga bado sijawaona, karibuni.