Mtaro ulioishia ukutani, na sahihi yangu iliyogeuzwa kibali

Wanajamvi,

Nafungua uzi huu kwa hasira niliyoikalia tangu mvua za masika, na naomba mnivumilie kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa mistari mitatu. Mimi ni mkaazi wa mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi, naishi na mama yangu katika nyumba ile ile niliyozaliwa, na ninacholalamikia ni jinsi miradi ya maendeleo inavyopangwa kwa jina letu na kwa sahihi zetu pasipo sisi kuulizwa lolote.

Nianze na mtaro. Barabara yetu ya ndani ilikuwa ya vumbi na mashimo, nasi tuliomba kwa miaka mingi itengenezwe. Hatimaye mwanakandarasi alikuja, akamwaga kifusi, akashindilia, akapanga kabro, yaani matofali ya saruji ya kutandika njia, juu yake, na alipomaliza tukakuta barabara imeinuka kuliko milango yetu. Kizingiti cha mama, ambacho zamani ulikipanda kwa ngazi mbili kutoka njiani, sasa kiko chini ya njia kwa kiasi cha shibiri moja. Kando yake ulijengwa mtaro wa saruji, ulionyooka na kusakafiwa vizuri, ukapita nyumba kumi na tatu, ukafika kwenye ukuta wa ploti ya mwisho na kukoma papo hapo. Hakuna kalvati, hakuna bomba, hakuna hata shimo la kupokea maji. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalifika ukutani, yakakosa pa kwenda, yakarudi nyuma na kuingia mlangoni mwetu. Mama, ambaye ana miaka 71, alikesha juu ya kitanda akiwa amekumbatia mfuko wa plastiki wenye hati ya nyumba na picha za marehemu baba, huku mimi na jirani tukichota maji kwa beseni hadi alfajiri.

Nilimtafuta msimamizi wa kazi nikamuuliza kwa nini mtaro haukuendelezwa hadi mtoni. Alinijibu kwa upole, na simlaumu: "Dada, ramani niliyopewa inaishia hapa. Ng'ambo ya ukuta huo ni wadi nyingine."

Naomba mlitafakari jibu hilo. Nairobi ina wadi 85, na fedha za miradi midogo ya mitaani hugawanywa kwa wadi ili kila mwakilishi awe na cha kuonyesha kwa wapiga kura wake. Maji ya mvua, kwa upande wake, hufuata mteremko hadi mto Ngong, Nairobi au Mathare bila kujali mpaka wa mtu yeyote. Mtaro ukipangwa kwa mpaka wa wadi badala ya mteremko wa ardhi, kinachojengwa ni bwawa, na bwawa hilo limejengwa mlangoni kwa mama yangu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu katika jiji hili, kwa hiyo hakuna afisa anayeweza kudai kwamba hatari hii haikujulikana.

Nilikwenda katika ofisi iliyohusika, ambayo sitaitaja hapa, nikapokelewa na afisa aliyeniambia kwamba wakaazi walishirikishwa na wakaukubali mradi. Nilipobisha alifungua faili akanionyesha daftari la mahudhurio ya mkutano wa wakaazi. Katika ukurasa wa pili, mstari wa tisa, niliona jina langu na sahihi yangu kwa wino wa buluu.

Mkutano huo naukumbuka. Uliitishwa Jumanne saa tatu asubuhi, saa ambayo mama mboga yuko kibandani, fundi yuko kazini na mwalimu yuko darasani. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla kwenye mlango wa ukumbi ambao hufunguliwa tu wakati wa harusi. Tulitia sahihi mlangoni kabla ya kuingia, kwa sababu bila sahihi hukupewa soda na mkate. Waraka uliojadiliwa ulikuwa mzito kama Biblia, ulikuwa wa Kiingereza kitupu, na nakala ilikuwa moja, mkononi mwa mwenyekiti. Mtaro wetu haukutajwa. Mzee mmoja aliponyoosha mkono kuuliza kuhusu maji, aliambiwa swali lake litaandikwa, na sikuona mtu yeyote akiandika. Leo sahihi niliyotia ili niruhusiwe kuingia ukumbini imewekwa kwenye faili kama ushahidi kwamba nilikubali nyumba yetu ifurike.

Hili limeniuma kuliko maji yenyewe, kwa sababu sheria tunazo na ziko wazi. Katiba ya 2010 inaweka ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 7 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo waraka wa Kiingereza pekee kwa wakaazi wa Eastlands ni dharau. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 104, inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, ya mwaka huo huo, inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maana yake ni kwamba mwananchi anayeitwa kutoa maoni mwezi Mei ameitwa baada ya makadirio kuandikwa, na hata akisema kweli tupu, nafasi ya kuyabadilisha imekwisha kuwa finyu mno.

Tena mtaro si peke yake. Mitaa mingi ya huku ilijengwa enzi za Baraza la Jiji kwa nyumba za chini, na mabomba ya majitaka yalilazwa kwa kadiri ya familia zile. Sasa kwenye ploti zile zile yanasimama maghorofa ya orofa saba na nane, yote yakiunganishwa na bomba lile lile, na kila wiki kifuniko kilicho karibu na duka la kona hububujika uchafu unaokanyagwa na watoto wakienda shule. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa mtu aliyeathirika siku 14 za kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa kibali cha ujenzi. Siku hizo zinahesabiwa tangu uamuzi utolewe, ilhali sisi majirani hujua kwamba kuna uamuzi siku tinga linapoanza kuchimba msingi.

Mipango ya jiji haikukosekana. Upo wa 1948, upo wa 1973 uliolenga mwaka 2000, na upo wa 2014 ulioandaliwa kwa msaada wa Japani, unaolenga 2030. Kilichokosekana ni mtu wa kupima mteremko wa njia yetu kabla ya kumwaga kifusi.

Nimeandika barua ya kuomba ramani ya mradi, mkataba wa mwanakandarasi na kumbukumbu za mkutano ule, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Nimeomba pia kwa maandishi sahihi yangu isihesabiwe kama idhini ya mradi. Wasiponijibu, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Nawaomba wote mliokuwa ukumbini siku ile muandike hapa mlichokisikia na mlichoambiwa wakati wa kutia sahihi. Mwenye picha ya tangazo lililobandikwa mlangoni aiweke, tarehe ionekane. Na ninyi wa wadi ya ng'ambo ya ukuta, tafadhali semeni kama katika mpango wenu kuna mtaro wowote unaoanzia pale wetu ulipokomea, kwa sababu mvua za vuli zinaanza Oktoba na kitanda cha mama bado kimepandishwa juu ya matofali.