Jumapili ya Ami Suleiman

*Kikundi: Kizazi cha Bi Mkubwa 🌴*

Jumatano, 8 Julai 2026

Zuhura 19:42
Assalaam alaykum jamaa. Shikamooni wakubwa zangu. Nimerudi tena na lile jambo la Ami. Tarehe 27 mwezi huu inatimia miaka 40 tangu Queen, ile bendi ya Uingereza, wapige Budapest, Hungary, na Ami wetu alikuwemo uwanjani. Tarehe 27 ni Jumatatu, kwa hiyo tukutane Jumapili 26, nyumbani kwake Mbweni, baada ya alasiri. Tutaangalia filamu ya onyesho lenyewe ukutani, Ami atusimulie, na kila mwenye kumbukumbu yake ya ile bendi, popote aliko, arekodi voisi anitumie kabla ya Ijumaa ijayo. Mchango elfu 15 kila mtu mzima.

Zuhura 19:43
Tafadhalini isije ikawa kama ya Bububu.

Zuhura 20:31
Watu 19 mmesoma. Naona.

Abdul 20:33
Waalaykum salaam Da Zuhura. Swali moja tu la msingi. Pilau au biriani?

Zuhura 20:33
Abdul, nimezungumzia voisi.

Abdul 20:34
Na mimi nauliza kwa sauti 😂

Bi Asha 20:50
Biriani jamani, pilau tulikula Idi.

Mwinyi 20:51
Biriani ✅

Zuhura 20:55
Sawa, chakula tutaongea. Nani ana projekta?

Alhamisi, 9 Julai

Zuhura 07:15
Asubuhi njema. Projekta?

Zuhura 12:40
Wageni wanatoka Ulaya, wanalipa kiingilio nyumba ya Shangani kusoma habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, zilizobandikwa ukutani. Sisi tuna mtu wa damu yetu aliyemsikia akiimba kwa masikio yake mawili, na hatujawahi kumkalisha chini tukamsikiliza mpaka mwisho. Ami ana miaka 63 sasa. Mimi sitaki tuje kukumbuka siku ya khitma.

Bi Asha 12:48
Mola ampe umri mrefu. Amin.

Abdul 13:02
Projekta ya madrasa ipo ila taa yake imekufa tangu Mfungo Tano.

Kaka Nassor (Muscat) 22:19
Samahanini, kazi. Mimi langu naandika tu, sauti imekauka kwa kiyoyozi. Novemba 2008 walikuja Dubai. Si wote. Freddie keshafariki zamani, John Deacon keshastaafu, alikuja Brian May na Roger Taylor, na mwimbaji Paul Rodgers. Nilitoka Muscat na gari na jamaa wawili, tukapita mpaka wa Hatta. Watu wa kila taifa mle ndani, Wahindi, Wafilipino, Waingereza, Waarabu. Brian May akaja mbele peke yake na gitaa, akaanza Love of My Life, halafu akanyamaza akatuachia sisi. Nikaimba wallahi mpaka jamaa zangu wakanishangaa. Kuelekea mwisho, kwenye Bohemian Rhapsody, wakamtoa Freddie kwenye skrini kubwa. Yule Mfilipino wa pembeni yangu akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Zanzibar. Akanishika mkono hakuuachia mpaka wimbo ukaisha. Kama vile nimetoka nyumbani kwao Freddie asubuhi ile.

Zuhura 22:25
Kaka Nassor umenitoa machozi. Hivi ndivyo ninavyotaka!

Mwinyi 22:31
👏

Abdul 22:33
Kaka Nassor, hukumwambia kwamba unatoka Kidongo Chekundu? 😂

Kaka Nassor (Muscat) 22:40
Nilimwambia Mji Mkongwe. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 10 Julai

Ami Suleiman 16:05
[sauti, dakika 6:48]

Ami Suleiman 16:14
[sauti, dakika 3:20]

Baba Mkubwa Mwalimu (Morogoro) 17:30
Suleiman salama? Sauti hizi sizisikii vizuri kwenye simu yangu. Mtu aandike.

Mariamu 18:52
Shikamoo Babu. Nimeandika maneno ya Ami mwenyewe, sikuongeza kitu:

"Nilikwenda Hungary kwa skolashipu. Mwaka wa kwanza wote ni lugha tu, pale pale Budapest, wanafunzi wa nje tunafundishwa Kihungari kabla ya kupelekwa vyuoni. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo. Kila Ijumaa anatuimbisha nyimbo za kienyeji ili ndimi zilainike. Wa kwanza ni ule wa Tavaszi szél, upepo wa machipuko unafurisha maji, ua langu, ua langu. Hata mtoto mdogo kule anaujua.

"Sasa Julai 1986 ikawa habari ya mji mzima ni Queen wanakuja. Wakaja kwa boti ya mwendo kasi juu ya mto Danube kutoka Vienna. Tiketi zikapiganiwa. Mimi nilipata kwa mwanafunzi mwenzangu, posho yangu yote ikaishia hapo, nikala mkate na kitunguu mpaka mwezi ukaisha. Jumapili tarehe 27. Uwanja ni Népstadion, maana yake Uwanja wa Wananchi. Watu kama elfu 80. Nilikuwa chini, si kwenye viti. Mbele yangu kijana amempandisha mchumba wake mabegani, kila nikitaka kuona lazima niiname.

"Katikati ya onyesho wakapunguza makelele, wakatoka na magitaa matupu. Freddie akainua mkono wa kushoto, akaangalia kiganja. Akaangalia tena, kama mtoto anayeibia mtihani. Akaanza: Tavaszi szél vizet áraszt. Maneno kayaandika mkononi! Uwanja mzima ulipiga ukelele mmoja, halafu wakaimba. Wazee waliokuwa kwenye viti walisimama. Na mimi nikaimba, maana ule ndio wimbo niliofundishwa. Yule binti wa mabegani akageuka, akaniona mtu mweusi naimba wimbo wa bibi yake, akavua kofia yake akanivalisha.

"Ninachotaka mkijue ni hiki. Mimi sikujua. Nilijua ni Mwingereza. Niko hapo naimba Kihungari na mtu aliyezaliwa Unguja, wote wawili tumejifunza ukubwani, yeye mkononi na mimi darasani, na sikujua. Nilikuja kujua Novemba 1991 alipofariki, nimesharudi, nimekaa barazani na redio. Wakasema jina lake Farrokh Bulsara, kazaliwa Zanzibar 1946. Nikazima redio. Ningejua siku ile ningemwita kwa Kiswahili. Asingesikia kwa zile kelele. Lakini ningemwita."

Mariamu 18:53
Hapo Ami kanyamaza kama dakika nzima. Halafu kaendelea na habari ya kanda, hiyo sijaandika.

Bi Asha 18:59
Subhanallah.

Mwinyi 19:01
Ndio lilikuwa onyesho lake la mwisho lile?

Ami Suleiman 19:10
Hapana mwanangu. Baada yetu walipiga mara 5 nyingine. Wakaenda Ufaransa, Hispania, wakamalizia kwao Knebworth tarehe 9 Agosti. Hapo ndipo palikuwa mwisho wa Freddie na wenzake jukwaani. Na uwanja wetu haupo tena, wamebomoa, wamejenga mwingine wenye jina la Puskás, mchezaji wao wa mpira.

Zuhura 19:15
Mariamu, kwa nini habari ya kanda hujaiandika?

Mariamu 19:16
Da Zuhura 🙏🏾

Abdul 19:17
Uuuwi. Kanda imerudi.

Shangazi Mwanaisha 19:48
Si muandike tu. Mnaogopa nini? Kila mwaka nasemwa pembeni kwa pembeni. Suleiman alirekodi kwa redio ndogo aliyoificha ndani ya begi, akaja nayo kanda 1988 akaiweka kwa mama bila jina wala alama. Mwaka uliofuata harusi yangu, beni linakaribia kufika mlangoni, kanda tupu hakuna dukani, mtu akachukua iliyokuwepo. Mimi nilikuwa ndani nimefunikwa na kanga. Bibi harusi anarekodije?

Ami Suleiman 19:55
Mwana, sijawahi kukutaja wewe.

Shangazi Mwanaisha 19:56
Hujanitaja ila ukifika kwangu unaitazama ile redio.

Abdul 19:58
Kwa hiyo ni harusi ya kwanza duniani kufunguliwa na Queen 😂😂

Mwinyi 19:58
😂😂😂

Zuhura 20:01
Abdul nyamaza kidogo. Shangazi, kanda yenyewe ipo?

Zuhura 20:40
Shangazi?

Kaka Nassor (Muscat) 23:12
Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Nilikuwa na miaka 11. Baba alinituma. Ilikuwa haina jina, nikadhani tupu. Ami nisamehe, nilitakiwa kusema zamani.

Ami Suleiman 23:30
Nassor. Miaka yote hii umekaa nayo hiyo? Lala mwanangu. Nimeshasamehe kabla hujaomba.

Jumamosi, 11 Julai

Zuhura 09:00
Alhamdulillah hilo limekwisha. Turudi kwenye ratiba. Nitaanza na utangulizi mfupi wa ziara zao, ili watoto waelewe ukubwa wa bendi. Nina Japani 1975, nina São Paulo 1981 uwanja wa Morumbi, watu laki moja na elfu thelathini na zaidi usiku mmoja, nina Rio Januari 1985, halafu Budapest. Mnaonaje?

Mwinyi 09:20
Safi sana

Bi Asha 09:31
Safi. Na kachumbari mimi.

Baba Mkubwa Mwalimu (Morogoro) 11:47
Wanangu na wajukuu, salaam. Nimesoma yote. Suleiman, maneno yako nimeyasoma mara mbili.

Zuhura, umetoka 1981 ukaruka mpaka 1985. Mwaka 1984, mwezi wa Oktoba, bendi hiyo ilikwenda kupiga Sun City, ndani ya Bophuthatswana, nchi bandia waliyoiunda makaburu. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwaomba wanamuziki wasiende. Wao walikwenda. Chama cha wanamuziki cha huko kwao Uingereza kiliwatoza faini.

Mwaka huo mimi nafundisha hapa Morogoro. Mazimbu ni jirani. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia kwao walikuwa wakisoma pale, kwenye chuo chenye jina la Solomon Mahlangu, ambaye makaburu walimnyonga 1979 akiwa na miaka 22. Kijana mmoja alikuwa akija kwangu kuazima vitabu na kusikiliza kanda. Queen aliwapenda kuliko wote. Siku ile habari ilipofika alikuja akakaa pale kwenye ngazi. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, hata hao?" Sikuwa na jibu. Hakuomba tena kuwekewa ile kanda.

Simwekei kinyongo marehemu. Lakini msisimulie safari zao mkairuka ile.

Zuhura 13:05
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusikia.

Kaka Nassor (Muscat) 15:22
Shikamoo Baba Mkubwa. Kwa heshima naongeza, Novemba 2003 Brian May na Roger Taylor walikwenda Cape Town kwenye lile onyesho la Mzee Mandela la kupambana na UKIMWI.

Baba Mkubwa Mwalimu (Morogoro) 15:40
Najua. Na hilo lisimuliwe. Lakini 2003 si 1984, mwanangu.

Jumapili, 12 Julai

Ami Suleiman 05:51
Shikamoo kaka. Nimeswali nimeona nikujibu hapa hapa mbele ya watoto.

Nilikuwa najua. Bwenini tulikuwa na vijana wa Afrika Kusini, wa ANC, na walitueleza. Rafiki yangu mmoja katika wao aliniona natoka na tiketi mfukoni, akasema "nenda salama", basi. Wiki mbili hatukula meza moja. Mimi nilikwenda hivyo hivyo. Kila nikihadithia habari ya kiganja naiacha hii, kwa sababu nikiisema wimbo unabadilika ladha mdomoni. Lakini vyote viwili nilivibeba usiku ule, na kofia ya yule binti nilimpa yeye rafiki yangu, akaikataa.

Zuhura, iweke 1984. Nitaisema mwenyewe.

Baba Mkubwa Mwalimu (Morogoro) 06:30
Marahaba Suleiman. Nitakuja. Mtu aniangalizie boti ya asubuhi kutoka Dar.

Bi Asha 06:44
Allahu Akbar. Mwalimu anakuja Unguja!

Zuhura 06:45
Baba Mkubwa anakuja!!! Jamani ana miaka minane hajavuka. Sasa mipango ibadilike. Atalala wapi? Kwa Ami kuna ngazi.

Mwinyi 08:10
Kwetu kuna chumba cha chini ila maji yanatoka kwa zamu.

Abdul 08:12
Kwa hiyo biriani imepita rasmi?

Zuhura 08:15
Abdul, tafuta taa ya projekta Darajani leo leo. Mchango mpaka sasa wametoa watu 4. Wanne! Nani anakwenda bandarini kumpokea Baba Mkubwa?

Zuhura 10:02
?

Kaka Nassor (Muscat) 10:30
Tiketi ya boti natoa mimi. Na ile kanda je? Kama ipo, nyimbo za harusi hazikujaza pande zote mbili. Nakumbuka niliiacha ikazunguka upande mmoja tu, betri zikafa.

Ami Suleiman 10:31
Unasema kweli Nassor?

Shangazi Mwanaisha 16:20
Kanda ipo. Sikutaka kuitoa kwa sababu sauti ya mama iko humo, vigelegele vyake nilipotolewa nje. Hakuna pengine palipobaki sauti yake. Nilidhani mtaitaka mkaifute. Nimeitoa kwenye bati la biskuti. Upande wa pili umeandikwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko si wangu.

Ami Suleiman 16:21
Umeandikwa nini Mwana?

Shangazi Mwanaisha 16:24
Sina miwani. Subirini Mariamu arudi.

Zuhura 16:24
Shangazi piga picha tu utume!

Zuhura 16:31
Shangazi?